Baba ana saratani ya umio: je, kumwita muuguzi wa hospisi ni kumkatia tamaa?

"Daktari, baba yangu ana miaka 74. Mwezi wa Machi alianza kukwamwa na ugali, na kufikia Juni alikuwa hamezi ila uji na chai. Alipimwa kwa kamera, tukaambiwa ni saratani ya umio, ile njia ya chakula, na picha zikaonyesha imeshafika kwenye ini. Amepata mizunguko minne ya tibakemikali, kisha daktari wa saratani akatuambia kuwa dawa hazikufaulu, kwamba ipo nyingine ya kujaribu lakini hatarajii ifanye makubwa, na akatutajia hospisi. Kaka yangu mkubwa anaishi Marekani. Anasema hospisi ni mahali watu huacha matibabu wakangoja kufa, na ameanzisha mchango wa kumpeleka Baba India. Dada yangu mdogo analia tu. Baba anaishi nami mtaani Umoja, Nairobi, ghorofa ya tatu, na halali usiku kwa maumivu ya kifua na mgongo. Hatujamwambia kuwa ugonjwa umefika kwenye ini. Yeye husema tu kuwa anataka kurudi Nyeri akaone shamba lake. Nikikubali hospisi, nitakuwa nimemuua baba yangu? Na mofini nasikia ndiyo humalizia mtu. Nifanye nini?"

Dada yangu, katika swali lako kuna sentensi moja iliyonikaa moyoni kuliko zote, na haihusu India wala mchango wa kaka yako. Ni ile uliyoipitia haraka, kwamba Baba halali usiku kwa maumivu. Familia nyingi zinazonijia huwa zimebishana kwa wiki kadhaa kuhusu neno hospisi, na katika wiki hizo zote mgonjwa ameendelea kugumia akiuelekea ukuta, akingoja watu wa nyumba yake waelewane. Kwa hiyo kabla sijasema lolote kuhusu kukata tamaa, naomba ukubali jambo moja: maumivu ya Baba yatibiwe wiki hii, awe anakwenda India, anabaki Umoja au anarudi Nyeri. Hilo halihitaji kikao cha familia.

Sasa nije kwenye hofu yenyewe. Unaogopa kwamba ukikubali hospisi utakuwa umetia sahihi kifo cha baba yako, na sikulaumu, kwa sababu daktari alilitaja neno hilo papo hapo baada ya kusema dawa zimeshindwa, likasikika kama hukumu. Sijaziona picha za Baba, lakini kwa maelezo uliyotoa, saratani iliyoanzia kwenye umio ikafika kwenye ini haiponi kwa dawa tulizo nazo leo, si hapa, si India, si huko aliko kaka yako. Dawa huweza kuipunguza mwendo kwa muda, kwa baadhi ya wagonjwa. Ugonjwa huo ndio unaomdhoofisha Baba, na ungemdhoofisha hata kama hakuna mtu aliyewahi kulitamka neno hospisi mbele yenu. Mnachoamua ninyi ni mambo mengine: atalala wapi, ataumia kiasi gani, atakuwa na nani, na nani atajua la kufanya saa nane za usiku atakapoanza kutapika.

Kaka yako anasema anachokijua. Huko Marekani, bima ya serikali ya wazee iitwayo Medicare hulipia hospisi kwa masharti: madaktari wathibitishe kuwa mgonjwa, ugonjwa ukifuata mkondo wake wa kawaida, amebakiza miezi 6 au pungufu, naye akubali kuweka kando matibabu yanayolenga kuuponya ugonjwa huo. Kwa mtu anayeishi huko, kuingia hospisi na kuacha matibabu ni jambo moja, na fomu zake zipo. Kwetu sharti hilo halipo. Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990 na ambayo iko katika uwanja wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, haina hata wodi ya kulaza wagonjwa. Watu huenda pale asubuhi kumwona daktari au muuguzi, wakarudi makwao. Wengine hutembelewa nyumbani. Wengine hukutana na wagonjwa wenzao katika siku maalumu ya pamoja, wakala chakula, wakazungumza, hata wakacheka. Wako wanaohudumiwa pale huku wakiendelea na tibakemikali au mionzi katika hospitali nyingine. Ukimpeleka Baba leo, jioni atakuwa amerudi Umoja kunywa uji wako.

Nafafanua hili kwa urefu kwa sababu nimewahi kumwona kijana aliyefika mlangoni na sanduku la nguo za mama yake, blanketi na mswaki, akidhani anamkabidhi mtu kama anayempeleka shule ya bweni. Tulipomwambia kuwa atarudi na mama yake nyumbani pamoja na dawa na nambari ya simu, hakujua afurahi au akasirike.

Kiswahili kimeipa kazi hii jina zuri, tiba shufaa. Wengi wetu tumelizoea neno shufaa katika maombi, kwa maana ya mtu kumsimamia mwenzake aliye katika shida. Mwingereza Cicely Saunders, aliyewahi kuwa muuguzi, kisha mhudumu wa ustawi wa jamii, kisha daktari, ndiye aliyefungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, ambayo mfano wake uliigwa kote duniani. Yeye alisisitiza kuwa maumivu ya mtu anayekaribia kufa hayako mwilini peke yake: yamo pia katika hofu, katika ugomvi wa watoto, katika deni ambalo halijalipwa, na katika maswali anayomuuliza Mungu wake. Ndiyo maana ukifika hospisi usishangae muuguzi akikuuliza Baba alikuwa akifanya kazi gani, au nani hazungumzi na nani nyumbani kwenu. Hapekui mambo yenu. Anatafuta mahali maumivu yalipojificha.

Je, tiba shufaa hufupisha maisha? Mwaka 2010 madaktari wa Boston walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea. Nusu walipewa matibabu ya kawaida, na nusu ya pili matibabu hayohayo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Kundi la pili liliishi vizuri zaidi, halikusumbuka sana rohoni, na, ingawa wachache wao walipewa matibabu makali siku za mwisho, wao ndio walioishi muda mrefu zaidi, takriban miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Ilikuwa saratani nyingine, katika nchi nyingine, na sitaki umwahidi mtu kuwa Baba ataongezewa miezi. Lakini dhana kwamba mgonjwa hufa mapema kwa kuwa amefikishwa hospisi haipati nguvu yoyote pale.

Mofini ndiyo inayoogopwa kuliko kitu chochote ninachoandika kwenye karatasi ya dawa, na hofu hiyo ina chanzo chake. Kwa miaka mingi dawa hii ilitolewa dakika za mwisho kabisa, mgonjwa akiwa amebakiza siku moja au mbili, kwa hiyo watu waliona mofini ikiingia leo na jeneza kesho. Ni sawa na kusema mchungaji ndiye huua wagonjwa, kwa sababu kila alipoitwa usiku mtu alifariki alfajiri. Ukweli ni kwamba mofini hushika sehemu zilezile za uti wa mgongo na ubongo zinazopokea habari za maumivu, ikazipunguza makali. Daktari huanza na kipimo kidogo, akaongeza kidogo kidogo mpaka mgonjwa apate nafuu. Na mwili ulioanzishiwa dawa kwa utaratibu huo huzoea upesi ile sehemu ya dawa inayoweza kupunguza pumzi. Hatari huja pale mtu anapomiminiwa kipimo kikubwa ghafla, au anapopewa bila kuangaliwa hali ya figo zake, maana figo zisipofanya kazi dawa hujikusanya mwilini.

Ile ya maji, ambayo inamfaa Baba kwa kuwa hamezi vidonge, ni chungu. Huanza kufanya kazi katika muda wa nusu saa hivi na hudumu takriban saa nne, ndiyo maana hutolewa kwa saa bila kungoja maumivu yarudi. Hapa ndipo familia nyingi hukosea: zinaiweka chupa kabatini "mpaka azidiwe", kisha zinashangaa kwamba haisaidii. Maumivu yakishapanda huwa magumu kuteremsha kuliko kuyazuia yasipande. Siku mbili tatu za kwanza Baba huenda akasinzia sana au akahisi kichefuchefu, na kwa kawaida hali hiyo hupita. Kufunga choo hakupiti, kwa hiyo aanzishiwe dawa ya kulainisha choo siku ileile; daktari akisahau, mkumbushe. Kuhusu uraibu, mzee wa miaka 74 anayekunywa mofini kwa sababu ya saratani hageuki mraibu wa mtaani. Mwili wake utaizoea, kwa hiyo isikatwe ghafla, basi. Kwa kuwa ni dawa inayodhibitiwa na sheria, mtahitaji karatasi ya daktari kila mara, na chupa ifungiwe mbali na watoto.

Mofini haiwezi yote. Maumivu ya mgongo yanayozidi usiku yananifanya nijiulize kama ugonjwa umegusa mifupa, na maumivu ya mifupa mara nyingi hutulizwa vizuri na mionzi ya mara moja tu, ambayo mgonjwa huipata asubuhi na kurudi nyumbani. Maumivu ya neva nayo huhitaji dawa za namna nyingine. Kama Baba atafika hali ya kutomeza hata maji, kuna plasta za dawa zinazobandikwa kwenye ngozi na sindano ndogo za chini ya ngozi. Sijawahi kumwahidi mgonjwa kuwa hatahisi maumivu hata kidogo, lakini ni nadra sana kwangu kukosa namna ya kumfanya alale.

Kuna jambo ambalo hukulitaja, na nashangaa kama mmeambiwa. Mtu aliyezibwa umio anaweza kuwekewa stenti, yaani mrija wa wavu unaopitishwa kwa kamera na kulipanua lile tundu ili chakula laini kipite. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, eneo ambalo saratani ya umio imeenea sana, imekuwa ikiziweka kwa miaka mingi, na Nairobi pia wapo madaktari wanaofanya kazi hiyo. Haiponyi, huleta maumivu ya kifua siku za mwanzo, huweza kuhama au kuzibwa na kipande cha nyama. Lakini kwa mgonjwa ambaye bado ana nguvu kidogo, kurudia kula wali mlaini na ndizi zilizopondwa mezani pamoja na watu si jambo dogo. Uliza kama Baba anafaa. Hili nalo ni tiba shufaa, ingawa hufanyiwa hospitalini.

Sasa ile dawa ya pili na safari ya India. Sina ugomvi na tibakemikali. Nimewaona wagonjwa iliowapa mwaka mzima mzuri. Lakini dawa ya pili baada ya ya kwanza kushindwa hutegemea sana nguvu za mgonjwa, na sisi madaktari hutazama jambo moja la kawaida kabisa: je, Baba hukaa kitandani au kitini zaidi ya nusu ya saa zake za mchana? Kama ndivyo, uwezekano wa dawa kumdhuru huwa mkubwa kuliko wa kumfaa. Rudi kwa daktari wa saratani umuulize bila kuzunguka: dawa hii inalenga nini, katika wagonjwa walio kama Baba ni wangapi huona faida, na itamgharimu siku ngapi za kukaa hospitalini na kutapika? Daktari mzuri hatakasirika. Akisema "tujaribu tuone", muulize tutaona nini, na lini tutajua kuwa imeshindikana.

Kuhusu India, mwambie kaka yako kwamba maoni ya pili hayahitaji paspoti. Majibu ya maabara na picha za Baba zinaweza kutumwa na kusomwa na daktari wa huko kabla hamjakata tiketi hata moja, na kama yupo atakayesema kwa maandishi kuwa ana matibabu ambayo Nairobi haina, basi mjadala utakuwa na kitu cha kushika. Nimeziona safari za namna hii zilizofaa, hasa za wagonjwa waliohitaji upasuaji fulani ugonjwa ukiwa haujaenea. Nimeona nyingine, nyingi zaidi, ambapo mzee alitumia wiki zake za mwisho katika chumba cha kupanga cha mji asioujua lugha yake, na familia ikarudi kuchangisha upya ili kuusafirisha mwili. Tiketi ninayoipendekeza mimi ni ya kaka yako kuja Nairobi. Fedha iliyokwisha kuchangwa ina kazi hapahapa: godoro la hewa la kuzuia vidonda vya kulalia, nepi za watu wazima, mtu wa kukusaidia mchana, dawa, na gari la kumfikisha Nyeri. Wachangaji waelezwe wazi kuwa mpango umebadilika.

Hata hivyo, sisi wote tunaamua juu ya mtu ambaye hajaulizwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, wakimwonya mgonjwa anayejificha. Hawakufikiria kwamba siku moja watoto wangemficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe. Najua mnafanya hivyo kwa upendo. Lakini mtu aliyepungua mwili hivyo, asiyemeza, anayeona simu zikipokelewa nje ya nyumba, hahitaji picha za hospitali kumwambia. Anapokuambia kuwa anataka kwenda kuona shamba lake, mimi nasikia mzee anayekuonyesha kwamba anajua, na anayekulinda wewe kama unavyomlinda yeye.

Si lazima umwagie habari zote kwa mara moja. Chagua saa ambayo amepata nafuu ya maumivu, keti chini karibu naye, umuulize: "Baba, wewe unaonaje ugonjwa huu?" Kisha nyamaza, hata kama ukimya utakuuma. Akisema anaona unamzidi, muulize kama angetaka kuelezwa alichosema daktari, au angependa mwelezwe ninyi watoto pekee. Wapo wazee watakaosema, "Ongeeni ninyi, mimi nimechoka," na hiyo ni haki yake. Wengi, kwa uzoefu wangu, huvuta pumzi ndefu na kuanza kuzungumzia mambo ambayo mlikuwa mnatamani angeyazungumza: hati ya shamba iko wapi, nani asimamie nini, ni wapi angependa kulazwa. Ukiogopa kushindwa, muuguzi wa hospisi atakaa nanyi katika mazungumzo hayo. Kwa kweli hiyo ni sehemu kubwa ya kazi yake. Ikiwa mchungaji wenu anahofia kuwa kumwita hospisi ni upungufu wa imani, mwalikeni siku hiyo. Hakuna mtu atakayemzuia kuomba muujiza, na Mungu hahitaji Baba aendelee kuumia ili autende.

Baba akisema Nyeri, basi Nyeri inawezekana, maana kule nako kuna hospisi, kama ilivyo Nakuru, Meru, Eldoret, Kisumu na Mombasa. Ombeni barua ya kumhamisha, yenye muhtasari wa ugonjwa na orodha ya dawa, ili timu ya kule impokee. Msingoje awe hoi: safari ya kilomita 150 hivi inavumilika kwa mtu anayeweza kuketi au kulala kitini, na ni mateso kwa asiyeweza. Kuna kipimo kisicho rasmi tunachokitumia: hali ikibadilika mwezi hadi mwezi, huenda imebaki miezi, ikibadilika wiki hadi wiki, tunahesabu wiki, ikibadilika siku hadi siku, ni siku. Wewe unayemwogesha unaijua hesabu hiyo kuliko mimi.

Nisikufiche kwamba uuguzi wa nyumbani ni kazi ngumu. Muuguzi wa hospisi hatalala kwako. Ghorofa ya tatu isiyo na lifti, maji yanayokuja siku mbili kwa wiki, kazi ambayo mwajiri wako hataisubiri, dada anayelia bila kushika ndoo: haya yote yatakulemea. Gaweni zamu sasa, kwa majina na siku, na kaka yako naye apewe yake, hata kama ni ya kulipa na kupiga simu. Ikifika siku ambayo huwezi tena, kumlaza hospitalini si usaliti, na zipo hali ambazo wodi ni bora kuliko nyumba. Hakikisheni mapema kuwa usajili wa Baba wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, uko sawa na michango imelipwa, na mumuulize afisa wa SHA hospitalini ni huduma zipi atakazogharamiwa.

Chakula kitawagombanisha, kwa hiyo nakieleza kabla hakijawafikia. Saratani iliyoenea hubadilisha namna mwili unavyotumia chakula, na mwishoni njaa yenyewe huondoka. Mgonjwa hafi kwa sababu hali. Hali kwa sababu anakufa. Kumlazimisha uji mtu anayesinzia huupeleka mapafuni, akapata homa ya mapafu. Dripu nayo hupendwa sana kwa kuwa inaonekana. Nilipokuwa daktari mchanga nilimtundikia dripu bibi mmoja aliyekuwa katika siku zake za mwisho, kwa sababu wanawe walikuwa wamesimama wakinitazama mikono. Mwili wake haukuweza tena kuyatumia yale maji. Yalivimbisha miguu yake na kujaa kifuani, na usiku kucha alikoroma kama mtu anayezama. Wanawe walinishukuru. Sijaisahau shukrani hiyo. Siku zikifika, mlowesheni Baba midomo kwa pamba yenye maji, mpakeni mafuta, mpeni kijiko cha chai akiitaka.

Mwambieni daktari mapema pia kama Baba angetaka kuingizwa chumba cha wagonjwa mahututi, au kukandamizwa kifua moyo ukisimama. Kwa saratani iliyofika hapo, kukandamiza kifua huvunja mbavu na karibu kila mara hakumrudishi mtu. Kukataa hilo si kumuua. Sheria ya Kenya hairuhusu daktari kumuua mgonjwa, na hakuna mtu wa tiba shufaa anayefanya hivyo. Na kama atafia nyumbani, mtahitaji kumjulisha naibu chifu ili kifo kisajiliwe na mpate kibali cha mazishi; barua ya hospisi inayoeleza ugonjwa wake itawapunguzia maswali mengi huko na kwenye makafani.

Yapo mambo ambayo hayangoji majibu ya maandishi kama haya. Mpelekeni hospitalini mara moja akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami. Miguu ikilegea ghafla au akashindwa kukojoa, kwa sababu huenda uti wa mgongo unabanwa. Akikohoa na kupaliwa kila anapokunywa hata maji, dalili kwamba huenda umio umetoboka kuelekea njia ya hewa. Au akiwa kwenye mofini na usingizi wake ukawa mzito hivi kwamba haamki, pumzi zikiwa chache sana. Choo kisipotoka kwa siku tatu, pigeni simu. Nawe mwenyewe ukiona hulali, huli, au unawaza mambo ya kujidhuru, usingoje Baba apone au afe ndipo umwone mtu.

Kesho asubuhi rudi kwa daktari wa saratani uombe vitu viwili tu: dawa ya kutosha ya maumivu, na barua ya kwenda hospisi. Umuulize na stenti ukiwa hapohapo. Jioni, Baba akishatulia, mpigie kaka yako kabla hajalipia chochote, umsomee sehemu ile ya Medicare, kisha umpe Baba simu amwambie mwanawe mwenyewe kuhusu shamba.